Mbwa aliyekuwa hataki kuona mgeni getini, sasa akisikia "hodi" anaenda kulala guniani. Nilivyofanya (uzi mrefu, chukua chai)

BabaBosi:

Wakuu salamu. Hii stori nimekaa nayo muda nikisita kuiandika maana nusu yake ya kwanza inaniaibisha, ila juzi nimeona jirani mpya kashusha mtoto wa mbwa kwenye boksi la sabuni na kitu cha kwanza alichofanya ni kumjengea banda la mabati kule nyuma asione mtu, nikasema hapana ngoja niandike.

Nina dume, jemani shepadi chotara, anaitwa Bosi, miaka mitatu na nusu sasahivi. Nilimchukua ana miezi miwili, ndo kwanza nimehamia Goba, nyumba haina hata plasta, ukuta upo upande mmoja tu, na vibaka wanakuja kubeba nondo kama wameziagiza wao. Kwaiyo mbwa ilikuwa lazima. Mzee mmoja wa mtaani akanipa somo: mbwa wa ulinzi asizoeane na watu, mchana mfungie bandani, saa nne usiku mfungulie, na kwenye ugali wake mtilie pilipili mara mojamoja awe na hasira. Pilipili sikutia, wife aligoma akasema ugali wenye pilipili nitakula mwenyewe. Ila hilo la banda nililifuata kama lilivyo.

Mwaka wa kwanza nilikuwa najisifu vijiweni. Mwaka wa pili muuza maziwa akawa anaacha dumu juu ya ukuta anapiga simu akiwa ameshafika kona. Msoma mita akawa haingii kabisa, bili inakuja ya makadirio. Alafu mama mkwe akaja kutoka Moshi, katoka na basi la alfajiri, ana mikungu miwili ya ndizi, akakaa nje ya geti kwenye bajaji dakika arobaini, mimi niko kazini, dada wa kazi anaogopa kumsogelea Bosi amrudishe bandani. Mama anapiga hodi, mbwa anapanda geti, mama anapiga hodi tena, mbwa ndo anazidi. Ndizi ziliingia, mama hakuingia. Alienda kulala kwa shemeji. Nyie mliooa mnajua hiyo kesi inasikilizwa miezi mingapi.

Iliyonitoa usingizini ni ya fundi bomba. Komeo la banda lililegea, Bosi akatoka mchana, fundi kainama kwenye koki ya maji, akamkamata kigimbi. Hakubweka hata. Tulimuosha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima (hilo nilikuwa nalijua, na wewe lijue leo, dakika 15 kwa saa, sio kumwagia spiriti mara moja na kufunga kitambaa), tukakimbilia hospitali akaanza sindano za kichaa cha mbwa kwa ratiba, japo Bosi kadi yake ya chanjo ilikuwa safi. Mbwa nae akawekwa chini ya uangalizi siku 10, kwasababu mbwa ambaye mate yake yameshakuwa na kirusi siku ya kuuma huwa hapitishi hizo siku bila kuonyesha dalili au kufa. Matibabu nililipa, siku za kazi alizokosa nililipa, na bado nilivyomuangalia yule kijana usoni nilikosa la kusema.

Narudi na sehemu ya pili, wacha nile.

Kigogo wa Mbezi Juu:

Mkuu si ndo kazi ya mbwa hiyo? Mimi wangu akizoea wageni namfukuza, ntakuwa nimefuga mbuzi.

chapa_lapa:

Fimbo mkuu. Akibweka mgeni unamchapa palepale, wiki moja anajua. Hizo habari za kumbembeleza mbwa ni za wazungu.

BabaBosi:

Chapa Lapa nilianza na hiyo hiyo ya kwako, usidhani sikuipitia. Nilimchapa kama wiki tatu hivi. Unajua alichojifunza? Kwamba mgeni akitokea, yeye anachapwa. Sasa huyo mgeni atampenda lini? Na kitu kingine, aliacha kunguruma. Nikafurahi nikaona amepona, kumbe nilichofuta ni ile honi tu, gari bado linakuja. Ndo maana fundi bomba kaumwa kimyakimya. Mbwa anayenguruma anakupa taarifa, anakwambia baba mimi hapa nimefika mwisho, ukimpiga kwa hilo anaruka hatua ya kuongea anaenda moja kwa moja kwenye meno.

Kigogo hoja yako nitaijibu mbele huko.

Sehemu ya pili. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, sio yule wa kuchoma chanjo unampungia mkono barabarani, nililipa akaja nyumbani akakaa kwenye kiti nje ya geti saa nzima anaangalia tu. Kwanza alimpima, masikio, meno, akambonyeza nyonga, maana mbwa mwenye maumivu nae anakuwa mkali, na kama mbwa wako alikuwa mpole akabadilika ghafla anza hapo kabla ya kusoma uzi huu. Bosi alikuwa mzima. Alafu akanambia, huyu sio mkali, huyu ni muoga. Nikacheka. Kilo 38 hizo, anatafuna mlango wa mninga, muoga?

Akanionyesha. Ona anavyolamba pua na hakuna chakula. Ona anapiga miayo, ana usingizi saa nne asubuhi? Ona uzito ameurudisha miguu ya nyuma, anabweka huku anarudi. Ona weupe wa jicho. Ona anaganda sekunde mbili kabla ya kuruka. Mkia unatikisika lakini umesimama kama antena, huo sio mkia wa furaha. Miaka mitatu nakaa na huyu mnyama nilikuwa sijui hata herufi moja ya lugha yake.

Na akanielezea kitu kilichonikaa kichwani mpaka leo. Muuza maziwa anakuja kila asubuhi. Bosi anabweka. Muuza maziwa anaondoka. Sisi tunajua anaondoka kwasababu maziwa ameshaacha, ila kichwani kwa Bosi, yeye ndo kamfukuza. Kila siku ya Mungu kabweka, kila siku kashinda. Nilikuwa na mbwa mwenye mazoezi ya miaka miwili ya kushinda, alafu nataka aache kwa kuambiwa "shiii".

Makosa ya banda sasa. Kuna kipindi mtoto wa mbwa kichwa chake kiko wazi, kama wiki ya 3 mpaka ya 14 hivi, anachokutana nacho hapo kwa utulivu ndo anakihesabu kuwa ni kawaida ya dunia. Watoto, miavuli, pikipiki, mwanamke wa ushungi, mtu mwenye magongo. Bosi katika hicho kipindi alikutana na mabati. Kwaiyo daktari alinambia ukweli, huyu hatakuja kuwa rafiki wa kila mtu, hilo sahau, tunachotafuta ni atulie, basi.

Mtoto wa Pwani:

Hapo penye "atulie basi" ndo pananipa raha. Mimi ni muislamu, Tanga, na ninaye mbwa wa ulinzi shambani, kwetu mashafii mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda anaruhusiwa kufugwa, ila mate yake ni najisi, akikulamba nguo ni kuosha mara saba na moja iwe kwa udongo. Sasa naendaga kwa marafiki, mbwa anakuja kuniparamia, mwenyewe anacheka "mzoee tu hana neno". Kaka mimi simuogopi, mimi naelekea msikitini! Wengi mnadhani kuna mbwa wa aina mbili, anayeuma na anayelamba. Mgeni hataki hata mmoja.

BabaBosi:

Sheikh umenisaidia kuandika, hiyo ndo shabaha yenyewe. Nyumba yangu ya kushoto na ya kulia ni waislamu watupu, hakuna hata siku moja nilitaka Bosi amshike mtu mkono.

Sasa mazoezi. Nilinunua vitu vitatu tu. Kamba ndefu, kifunga mdomo kile cha kikapu (sio kile cha kitambaa kinachobana mdomo, mbwa anapoa kwa kuhema, ukimbana mdomo kwa joto la Dar utamuua), na gunia. Gunia la kawaida la katani, nimelikunja mara mbili, liko kona ya baraza, anaona geti lakini mbali nalo mita kama kumi na tano. Chakula cha zawadi nilianza na firigisi, mfuko ukalia, nikahamia mapafu ya ng'ombe, buchani wanakupa kwa bei ya bure, unachemsha yaive kabisa (mabichi usimpe, kuna minyoo humo) unakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Vidogo hivyohivyo. Ukikata vikubwa kama unakula wewe, vipande kumi ameshiba na somo limeisha.

Wiki mbili za kwanza hakuna mgeni. Kazi ni gunia tu. Akikanyaga gunia, pafu. Akilala, pafu tatu taratibu. Akitoka hakuna kelele ila hakuna pafu. Mpaka akawa anaenda mwenyewe analala ananiangalia kama mtu aliyeweka oda. Kifunga mdomo nacho hivyohivyo, namuwekea pafu ndani ya kikapu anaingiza pua mwenyewe anatoa, siku ya nne ndo nafunga mkanda sekunde tano. Ukimvalisha kwa nguvu siku ya mgeni ameshajua mgeni ni balaa.

Alafu ndo likaja neno "hodi", na hili lilikuwa wazo la wife sio la daktari. Anasema hapa kila mtu anayeingia kwa heri anasema neno moja, kwanini mbwa asilijue? Basi mwanangu wa miaka tisa tukamuweka sebuleni anasema hodi kwa sauti ya chini, Bosi anatega sikio, mimi palepale pafu guniani. Hodi, pafu. Hodi, pafu. Kwa siku mara ishirini thelathini, vipindi vifupi vya dakika tano. Alafu hodi kwa sauti kubwa, alafu kutoka uani, alafu na kugonga ubao, alafu dada wa kazi, alafu nje ya geti lakini ni mtu wa humu. Mwisho wa mwezi ukisema hodi popote ndani ya uzio mbwa anakimbia gunia. Hata kwenye tamthilia mtu akipiga hodi, huyo, kaenda.

mama_kuku:

Nimecheka hapo kwenye tamthilia hahaha. Na mwizi je? Si atapiga hodi tu mbwa akalale?

Mtoto wa Pwani:

Mama, mwizi gani anapiga hodi?

BabaBosi:

Mama Kuku mtu amekujibu. Na hapo ndo namjibu na Kigogo. Zamani Bosi alikuwa anabweka kwa muuza maziwa, paka, boza la maji, watoto wa shule, upepo kwenye mabati. Nikawa siamki, maana ni kelele muda wote. Sasahivi akibweka usiku nanyanyuka na tochi, kwasababu najua kuna kitu. Niambie yupi anayelinda.

Turudi. Wageni wa kweli. Nilimpata kijana wa bodaboda wa kijiweni, nikamlipa kwa saa, kazi yake kutokea kwenye kona ya barabara, kusimama, kuondoka. Hilo tu. Mimi na Bosi tuko mbali kiasi kwamba anamuona ila anaweza kula. Hicho ndo kipimo, wakuu, mdomo wa mbwa. Akikataa nyama au akiinyakua kwa meno makali kama anakuibia, mko karibu mno, rudi nyuma. Tulianza mita 40 hivi. Na mpangilio usiuvuruge: mtu anaonekana kwanza, nyama inafuata. Mtu akipotea, nyama inakata. Ukimpa nyama kwanza alafu mtu ndo atokee, anaanza kuishtukia nyama.

Baada ya siku tisa kumi kijana akitokea kona, Bosi ananigeukia mimi, "ee yule pale, nyama iko wapi". Nilitaka kulia wallahi. Kijana wa boda anashangaa huyu mzee vipi.

Kuanzia hapo tukapunguza mita moja moja, sio kila siku, siku nyingine tunarudi nyuma. Tukawa tunakutana nje na kutembea njia moja, mgeni mbele sisi nyuma, alafu sambamba mbalimbali, alafu tunaingia getini pamoja. Mbwa akishatembea na mtu dakika kumi nje, kuingia nae ndani inakuwa rahisi kuliko yeye kumkuta mtu amesimama mlangoni.

Kitengela Boy:

Mzae hii maneno ni ya ukweli. Huku Kenya kila gate imeandikwa MBWA KALI hata mahali hakuna mbwa, na penye iko, ni kadogo kanalala chini ya gari. Sasa swali, huyo mgeni akishaingia afanye nini? Yangu huwa poa hadi mtu asimame kutoka kwa kiti, hapo ndio anaruka.

chapa_lapa:

Mbwa MKALI bwana, mbwa kali ni nini.

Kitengela Boy:

Akikuuma utajua ni kali ama ni mkali.

BabaBosi:

😂😂 Kitengela, la kusimama ni la kawaida sana, na kwa Bosi lilikuwepo pia. Mtu aliyekaa ni fenicha, akisimama ghafla anakuwa mtu mpya. Dawa yake ni hiyohiyo, mtu wa nyumbani asimame na kukaa, pafu, mara nyingi mpaka ichoshe, alafu mgeni mmoja unayemuamini, mbwa akiwa na kamba na kikapu mdomoni. Na mgeni akitaka kunyanyuka aseme kwanza "nanyanyuka", wewe umpe mbwa kazi guniani.

Mgeni mwenyewe namwambia kwenye simu kabla hajafika: usimkazie macho, usimuinamie, usimpapase kichwani, usimuite, kaa upande upande. Watoto wa wageni sijaribu, wakija watoto Bosi anaenda chumba cha nyuma na mfupa, mlango na funguo, sioni aibu. Hakuna sherehe inayohitaji mbwa.

Na hapa kuna kosa nililofanya mwezi wa tatu. Shemeji alikuja, mambo yanaenda vizuri, akasema nipe hiyo nyama nimpe mimi kwa mkono anizoee. Nikampa. Bosi akasogea, shingo kairefusha mbeeele, miguu ya nyuma imebaki kule, akachukua nyama, nyama ikaisha, ndo akagundua amesimama chini ya kidevu cha mtu asiyemjua. Sekunde hiyo akamrukia. Kikapu nilikuwa nimemvua. Mkono wa shati ukaenda, ngozi Mungu alisaidia. Kumbe nyama mkononi mwa mgeni ni mtego, inamvuta mbwa mpaka mahali ambapo moyo wake haujafika. Mgeni kama anataka kutoa, arushe NYUMA ya mbwa, ili mbwa aende mbali kula, akitaka kurudi ni uamuzi wake.

Alafu siku ile ile asubuhi boza la maji lilikuwa limekuja, mchana watoto walipasua fataki mtaa wa pili, na jioni ndo shemeji. Haba na haba hujaza kibaba, hata kwenye hofu. Mbwa akishashtuka mara mbili tatu kwa siku, hiyo siku imeisha, usilete mgeni, inaweza kuchukua siku nzima au mbili mwili wake utulie. Mimi nililazimisha maana shemeji alikuwa ameshanunua kreti.

Bwana Mifugo Mstaafu:

Mleta mada umeeleza vizuri kuliko vijana wengi wa chuo. Naongeza mawili. Watu watakwambia muhasi, atatulia. Kuhasi kunapunguza kuzurura na kufukuza majike, ila mbwa anayeuma kwa woga ukimhasi unabaki na mbwa muoga aliyehasiwa. La pili, kufunga mbwa kwa mnyororo kutwa nzima kunamuongezea ukali, maana anajua hana pa kukimbilia. Na chanjo ya kichaa cha mbwa jamani, akifika miezi mitatu achanjwe, na kurudia kila mwaka. Ugonjwa huo mtu akishaanza dalili hakuna wa kumrudisha, na karibu wagonjwa wote huku kwetu wanaupata kwa mbwa. Nimemuona mtoto mmoja kazini kwangu, sitaki kusimulia.

mama_kuku:

Poleni. Mimi yangu jike, ana watoto wa wiki mbili, haruhusu hata mimi kusogea. Nianze na gunia?

BabaBosi:

Hapana mama, huyo usimfundishe chochote sasahivi, ana haki yake. Muwekee sehemu yenye kimya, mtu mmoja tu ampelekee chakula, wageni wasipite huko. Ila watoto wake wakifika wiki ya tatu nne hivi anza kuwazoesha taratibu na mikono ya watu, sauti za vyombo, redio. Usiwajengee mabati, nakuomba.

MREJESHO. Jumamosi mama mkwe kaja tena. Mwezi wa tano huu tangu tuanze. Niliamua kuwepo mwenyewe, nikamvalisha Bosi kikapu, kamba kiunoni kwangu. Mama kafika na bajaji, kashuka, kasimama mbali kabisa na geti, nikamsikia anamwambia dereva asizime. Akapiga hodi kwa sauti ya mtu anayejiandaa kukimbia.

Bosi akabweka mara moja. Moja. Akageuka akaenda guniani.

Mama akaingia kwa upande kama nilivyomwambia kwenye simu, macho kayapeleka kwenye mapapai, anatembea kama mtu anapita mbele ya wanaoswali. Akakaa. Tukanywa chai. Bosi masikio juu muda wote, akapiga miayo mara mbili, nikajua bado ana presha, kwaiyo baada ya dakika ishirini nikamtoa nikampeleka nyuma kabla hajachoka, siku ya kwanza huhitaji rekodi. Jumapili akakaa lisaa. Leo asubuhi nimemkuta mama mwenyewe barazani anarusha kipande nyuma ya mbwa, hamuangalii, anamwambia kwa kichaga maneno ambayo wife kagoma kunitafsiria.

Muuza maziwa bado anaacha dumu ukutani. Nimemwambia aingie, kasema ataendelea kuomba Mungu.

Kigogo wa Mbezi Juu:

Sawa mkuu nimekuelewa, sijasema nimekubali. Hiyo kamba ndefu ulipata wapi?

BabaBosi:

Manila, duka la vifaa vya ujenzi, mita 10, alafu fundi viatu akanishonea kulabu upande mmoja. Chukua nene. Ile nyembamba ya kuanikia nguo itakukata viganja, mie alama ninazo.